Miwani ya kafa ulaya iliyomrudisha mama kwenye cherehani

Wakuu, salaam kwenu. Jana nimepimwa macho, nimetoka na miwani ya kusomea, ndo nikamkumbuka mama. Haya ni ya nyumbani kwetu Murangi na sijatia chumvi.

Mama alikuwa fundi cherehani. Sare za shule, gauni za kwaya, zote zilipita kwake. Tulikula kupitia ile cherehani.

Miaka ile ya shida, hata sabuni ni foleni, macho yake yakaanza kugoma. Tundu la sindano halioni. Mshono unaenda kombo kama njia ya ng'ombe. Wateja wakaanza kuhama kimya kimya.

Hospitali kule Musoma walimwambia anahitaji miwani, ila miwani hakuna. Siwalaumu, enzi hizo nini kilikuwepo?

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na jibu lake: karogwa. Akataka apelekwe kwa mganga kule Mugeta.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara zikafunguliwa. Mitumba ikajaa Bunda, na juu ya turubai moja baba akakuta rundo la miwani. Kupima kwenyewe, muuzaji anakupa uzi na sindano, ukifanikiwa kutunga basi ndiyo saizi yako. Baba akajipimia yeye, maana yeye na mama walikuwa rika moja, akainunua.

Mama akavaa, akainuka atembee. Wakuu, ananyanyua miguu kama anavuka mto, nyumba ya jirani anaiona ukungu, mara akajikwaa kizingitini.

"Sasa ndo nimepofuka kabisa," akasema, akakaa chini akalia.

Shangazi hakumpa nafasi ya kupumua. "Si niliwaambia? Hiyo ni kafa ulaya. Mwenyewe alishakufaga huko, wewe unavaa macho ya marehemu."

Miwani ikatundikwa kwenye msumari juu ya cherehani. Safari ya Mugeta ikapangwa, na baba akatafuta mtu wa kuinunua cherehani. Niliogopa sana. Bila cherehani, shule kwangu ilikuwa basi.

Siku mnunuzi anakuja, mama akakaa aipake mafuta mara ya mwisho. Vitundu vya kutilia mafuta havioni. Kwa hasira akaivuta ile miwani, akaivaa.

Vitundu hivyo hapo, anaviona vyote. Akachukua uzi, ukapita kwenye sindano bila shida.

"Kumbe hii inavaliwaga umekaa," akasema taratibu. "Siyo ya kutembelea."

Tulicheka mpaka machozi. Mnunuzi alipofika akapewa chai, akaondoka mikono mitupu. Hata shangazi baadaye alileta gauni lake lipunguzwe.

Halafu mama akaniita, akanishika kidevu, akanitazama.

"Mwanangu, kumbe umeotaga chunusi. Umekua lini?"

Nilijisikia kama mzigo umetuliwa kichwani.

Nilichojifunza: mzazi akianza kusogeza maandishi mbali na uso, msianzie kwa mganga, anzieni kwa daktari wa macho. Na akipewa miwani, aelezwe ni ya kazi gani.

Kwenu miwani ya kwanza ilipokelewaje? Leteni visa. Nipo nasoma, na nimekaa.