Samaki Asiye na Magamba

Mama alikuja kwangu Kisii na begi moja jeusi, akaliweka nyuma ya mlango wa chumba nilichomtayarishia. "Wiki mbili," alisema. Kila asubuhi alilifungua zipu kidogo, akatoa nguo ya kuvaa, akaifunga tena. Kabati nililomnunulia lilibaki tupu, na milango yake ikinuka rangi mpya.

Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameanguka nyumbani kwetu Nyamira, katikati ya mistari ya chai, akalala pale tangu asubuhi hadi jirani aliyekuja kuazima jembe akamkuta. Baba alikuwa ameshatangulia. Daktari aliniambia waziwazi kwamba mama hafai kuishi peke yake tena, kwa kuwa siku nyingine huenda jirani asihitaji jembe. Basi mimi nikawa na kazi moja tu duniani, kuhakikisha begi lile linafunguliwa lote. Sikuwa nimeolewa, nilikuwa nimepanga nyumba upande wa Mosocho yenye chumba cha ziada, na nilikuwa na kichwa kigumu nilichokirithi kwake. Nilidhani hayo yangetosha.

Hayakutosha hata kidogo. Mama alikuwa mtu wa kuamka na kulisha: ng'ombe kwanza, kuku, halafu sisi. Mjini aliamka saa zilezile, akaoga, akafunga kitambaa, kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta wa nyumba ya jirani. Jioni nikitoka kazini nilimkuta palepale. Nilimnunulia redio, akaizima. Nilimletea nyuzi za kufuma, akaniuliza nani kaniambia anataka kufuma. Siku moja uvumilivu uliniisha nikamwambia kwamba hata mgeni wa hotelini hutundika nguo zake. Aliniuliza kama nimekula.

Halafu kioo cha dirisha la jikoni kikavunjika. Jumapili moja nilimchukua mama tukaenda mjini kwa fundi wa vioo, mtu wa Kakamega, mpole, mwenye kitambi. Kumbe fundi huyu alikuwa pia akiunganisha matangi ya kufugia samaki wa mapambo, na nyuma ya duka alikuwa nayo kama sita hivi, yamejaa samaki wa kila rangi. Nilipomaliza kutoa vipimo vya dirisha niligeuka nisimwone mama. Nilimkuta huko nyuma, ameinama, pua karibu iguse kioo.

"Hawa wanalishwa saa ngapi?" aliniuliza kwa Ekegusii.

Lilikuwa swali la kwanza aliloniuliza tangu aje kuhusu kitu chochote cha mjini. Sikungoja. Nilimwambia fundi tunataka tangi, la ukubwa wa meza ya chai, pamoja na samaki wake. Nilikuwa tayari nimeshamchagua mmoja kwa macho yangu: wa buluu iliyokolea, mapezi yake marefu kama gauni la bibi harusi, yuko peke yake kwenye chupa.

"Yaya," mama alisema. Hapana. Kisha akamgeukia fundi, akatoa Kiswahili chake, ambacho siku zote alisema ni cha kuongea na chifu. "Wewe lisha wao kwanza. Mimi nione."

Fundi alicheka. Wateja wake, alisema, huchagua kwa rangi, yeye anachota na wavu, wanaenda zao. Mama hakucheka. Aliomba kitu cha kukalia.

Mimi nilijua tumekwama hapo kwa saa nzima, kwa sababu nilikuwa nimewahi kumwona akichagua ndama. Nikiwa mdogo, baba alikuwa akienda mnadani huko Kenyenya na kupapasa migongo na kuhesabu meno, lakini hakuna mnyama aliyekuja kwetu kabla mama hajamtazama akila na wenzake. Ng'ombe mzuri akiwa peke yake si habari, alikuwa akisema. Weka majani mahali pamoja halafu uwatazame. Anayefika wa kwanza akiwapiga wenzake pembe atakusumbua. Anayesimama kando mpaka majani yaishe atakufa mikononi mwako. Wewe mtafute yule anayesukumwa, akazunguka upande wa pili, akala.

Basi fundi akanyunyiza chakula, tangi baada ya tangi, na mama akatazama. Yule wa buluu wangu alikataliwa mara moja. Fundi alikuwa ameweka kioo kidogo cha kujitazamia kando ya chupa, naye samaki alikuwa ametanua mapezi akikishambulia kivuli chake. "Huyu anapigana na yeye mwenyewe," mama aliniambia. "Siku akipata mwenzake je?" Wenye michirizi kama punda milia nao wakaanguka mtihani, maana walikuwa wakiwang'ata wenzao mikia huku chakula kiko tele. Nilianza kuona aibu kwa ajili yao.

Aliwachukua wadogo sita waliotembea pamoja, wakigeuka wote kwa mara moja, akawaita kwaya. Akachukua weusi wawili, wanene, wasio na haraka, waliofika kwenye chakula mwishoni na bado wakashiba. Hao wakawa wazee wa kanisa. Na mmoja wa rangi ya chungwa ambaye alikitia kila kipande mdomoni, akakitema, akakikagua, ndipo akameza. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Karani!" alisema. Alikuwa na maana ya karani wa kituo cha majani chai kule kwetu, ambaye kwa miaka mingi alipekua vikapu vya mama jani kwa jani na kumrudishia nusu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi ya baba. Nilijifanya natafuta kitu mkobani ili fundi asione macho yangu.

Wakati wa kufunga, fundi aliongeza mmoja wa bure, mdogo, wa kahawia, mwenye visharubu, aliyekuwa akipekua mchanga chini. "Huyu ni wa kusafisha, mama. Anaokota wenzake wanachoangusha."

Mama aliuinua mfuko kwenye mwanga. "Hii haina magamba," alisema.

"Ni ndugu ya kambare, mama."

Ah! Sisi ni Wasabato. Kwetu kambare haingii jikoni wala sufuriani, maana kisicho na mapezi na magamba ni najisi, na mama hakuwahi kulegeza uzi hata siku moja. Nilimsihi kwa Ekegusii kwamba hatutamla, tutamtazama tu. Alifikiri sana. Mwishowe alikubali kwa masharti kwamba huyo ni mgeni wangu mimi, na yeye hatampa jina.

Tangi lilikaa sebuleni, na kile kiti cha plastiki kikageuzwa, kikauacha ukuta wa jirani. Sasa nikirudi jioni nilipewa habari. Karani leo kanuna. Kwaya imegawanyika, watatu huku, watatu huku, halafu wakapatana. Wazee wa kanisa wanakula kuliko wanavyoonekana. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miwili. Begi bado lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa zipu, lakini nilianza kulipita bila kulitazama.

Kosa lililofuata lilikuwa langu, na nalisema wazi kwa sababu nilichelewa sana kulisema wakati ule. Ijumaa moja asubuhi, nikitafuta viatu huku nimechelewa kazini, mama aliniuliza: Sabato tunalisha vipi samaki? Sabato zilizopita nilikuwa nawapa mimi kidogo kabla ya kwenda kanisani, lakini Jumamosi hiyo tulikuwa tumealikwa kwenye kanisa la mbali na tungeondoka mapema. Mtu mwenye akili angemjibu kwamba samaki hukaa siku moja bila kula na wasidhurike. Mimi nilijibu nikiwa mlangoni, "Si uwaandalie leo, kama unavyotuandalia sisi?"

Kwa mama Ijumaa ni siku ya matayarisho. Jua likikaribia kutua, chakula cha Sabato kimeshapikwa, maji yamechotwa, viatu vimepigwa rangi. Basi aliwaandalia. Aliwapimia cha jioni, akawaongezea cha kesho, na kwa vile anajua watoto wakiachwa nyumbani hula kuliko kawaida, akatia na cha akiba.

Tuliporudi Jumamosi alasiri, maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele na yananuka. Kwaya yote ilikuwa juu, imelala ubavu. Karani alikuwa kwenye kona. Wazee wa kanisa walikuwa bado wakihema, juujuu, midomo wazi. Mama alisimama pale na kofia yake ya kanisani kichwani.

Kisha akaivua. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuokota hata kuni siku ya Sabato, alikunja mikono ya gauni lake jeupe, akachukua ndoo, akatoka hadi kwenye tangi la maji ya mvua nyuma ya nyumba. Nilimwambia aache, nitafanya mimi. "Ng'ombe ametumbukia shimoni," alisema bila kusimama, kwa yale maneno ya Injili yanayoruhusu kumwokoa mnyama siku ya Sabato. Tulitoa maji machafu na kumimina masafi, kidogo kidogo, mpaka jua likatua na Sabato ikaisha. Wazee wa kanisa walikufa mmoja baada ya mwingine tukiwatazama. Yule wa kahawia hatukumwona kabisa, na hatukumtafuta.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta amevaa koti, amekaa sebuleni, begi miguuni. "Natafuta gari la Nyamira," alisema. "Mtu asiyejua kulisha hana kazi katika nyumba ya watu."

Nilipaswa kumwambia palepale kwamba ni mimi. Badala yake nilibishana. Nilimwambia habari ya daktari, habari ya jirani na jembe, nikapandisha sauti, nikamwambia anaenda kufia kwenye chai. Alinisikiliza kwa adabu, akasimama, akalishika begi. Nililia. Sikulia vizuri, nililia kwa hasira, kama mtoto aliyenyimwa.

Ndipo kitu kikasogea mle tangini. Kutoka nyuma ya jiwe, yule wa kahawia alichomoka, akapanda moja kwa moja hadi juu, akanywa hewa, tap, akashuka tena chini na kuendelea kupekua mchanga. Baada ya muda akapanda tena. Fundi alikuja kunieleza baadaye kwamba hiyo jamii ikikosa pumzi majini huichukua juu, na ndicho kilichomwokoa. Lakini asubuhi ile sisi tuliona tu kwamba wasafi wote wamekufa na najisi yuko hai.

Mama aliliweka begi chini. Aliinama pale kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Huyu nani atamlisha?" aliuliza.

Hapo ndipo niliposema. Nilimwambia ni mimi niliyemwambia aandae, kwamba nilikuwa mlangoni, kwamba sikufikiri.

"Najua ni wewe," alisema mama. "Ndiyo maana siwezi kumwacha na wewe."

Akalibeba begi kurudi chumbani. Nikasikia zipu ikifunguliwa, ndefu, mpaka mwisho, halafu milango ya kabati.

Alikaa miaka mitano. Tulirudi kwa fundi mara nyingi, akaketi, akataka walishwe kwanza, na wenzake wapya walipatikana wasiomchokoza yule mzee wa kahawia. Jina hakumpa, alishika neno lake. Alimwita "mgeni," na Sabato asubuhi, kabla hatujaondoka, ndiye aliyetupiwa punje chache kwa mkono wake. Begi jeusi lilihamia chini ya tangi, likatumika kuwekea wavu, mpira wa kutolea maji na makopo ya chakula.

Mwaka jana tulimpeleka Nyamira, tukamlaza kando ya baba, juu kidogo ya ile mistari ya chai. Siku za mwisho, hospitalini, sauti ilikuwa imekwisha, na niliinama ili nisikie anachotaka. Nilidhani ni maji.

"Ijumaa," aliniambia, "usimpe nyingi."

Basi mwishowe alimwacha na mimi.