Karai la Bi Mwanakheri

Kila mvua kubwa ilipokatika, Bi Mwanakheri alijitwika karai tupu akateremka kilima kufuata bustani yake. Wala hakuhangaika kuitafuta. Ilikuwa uani kwa Kornelio, balozi wa nyumba kumi, imelala mlangoni mwa jiko pamoja na mashina mawili matatu ya muhogo.

"Hodi, balozi. Nimefuata shamba langu."

"Karibu, Bi Mwanakheri. Leo limeingia mpaka chunguni."

Alizoa mchanga, akapanda nao, akaumwaga pale ulipotoka. Makarai kumi, siku nyingine kumi na tano. Mvua iliyofuata iliurudisha chini kwa nusu saa. Hivyo ndivyo walivyozoeana, mjane wa juu na mgane wa chini, kijiji cha ujamaa kilipokuwa bado kipya.

Kiwanja kile hakukichagua. Siku ya kugawa viwanja alikuwa kwenye gulio la kijiji cha jirani kiitwacho Ulaya akiuza mikeka, na aliporudi jioni alikuta kimebaki kimoja tu, kile cha mteremko wa mchanga ambacho hata mbuzi walikipita bila kugeuza shingo. Akaambiwa ashukuru. Akashukuru, kwa sauti ambayo kamati haikuipenda.

Na kijiji kizima kilikuwa na ugonjwa mmoja: kufagia. Kulikuwa na mashindano ya usafi, na mshindi alitangazwa mbele ya watu. Basi kila alfajiri wanawake walishika fagio la chelewa wakafagia kuanzia mlangoni hadi mpakani, mteremko na tambarare, mpaka ardhi ikang'aa. Jani likichomoza liling'olewa kabla jirani hajaliona. Aliyeshikilia jambo hilo kuliko wote ni Kornelio. Baba yake alikuja na kazi za reli, naye mwenyewe alikuwa nyapara miaka ishirini katika mashamba ya mkonge kule Rudewa. Mkonge ulimharibu macho. Mmea usiosimama kwenye mstari aliuona una kesi ya kujibu.

Mwaka wa pili, siku moja baada ya mvua, Bi Mwanakheri alikuwa akitoka kuteka maji. Akapita kwenye ukingo mmoja wa mto ambao hakuna aliyewahi kuufagia. Ulikuwa umeota ukoka, miti ya mikole na mitopetope, na maji yaliyoshuka pale yalikuwa meupe, hayana mchanga hata chembe. Alisimama na ndoo kichwani, akacheka peke yake kwa hasira.

"Mimi nabeba mchanga kwa kichwa, kumbe majani yanaushika bure!"

Tangu siku hiyo alipita nyumba hadi nyumba akiomba magugu. Watu walimpa ukoka waliong'oa huku wakitazamana. Wengine walimpa kwa huruma, wakidhani ujane umempanda kichwani. Ukoka huo aliupanda kwa mistari ya kukinga mteremko. Juu ya kila mstari akaweka miche ya mikole aliyoichimbua ukingoni na udongo wake, mpakani akapanda mitopetope, na chini kabisa, yanapokusanyika maji, mikindu, kwa kuwa mikeka haijisuki bila ukindu. Katikati akaacha nafasi ya muhogo na kunde. Mchanga wa kufuata uani kwa balozi ulipungua mwaka hadi mwaka, ukabaki karai moja au mawili kila mvua. Ilipofika miaka minne, ukimtafuta bustanini ilibidi umwite.

Hapo ndipo likaja neno kwamba wageni wa wilaya watatembelea kijiji Jumamosi. Kornelio alipanda kilima, kofia mkononi.

"Kamati imesema pori hili lisionekane. Lifyekwe. La sivyo unanyang'anywa kiwanja, unahamishiwa ng'ambo ya mto."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimetumwa."

"Sikukuuliza nani kakutuma, balozi."

Kornelio akavaa kofia, akateremka. Bi Mwanakheri aliogopa sana. Alikwisha kuhama mara mbili, mara ya kwanza ndugu wa mume walipomtoa, mara ya pili kijiji kilipoanzishwa. Safari hii alikuwa na kitu alichokiotesha kwa mikono yake, na hicho hakibebeki kwa karai.

Ijumaa asubuhi wanaume sita walifika na mafyekeo, Kornelio mbele. Wakakuta ngoma. Joha, binti wa mdogo wake Bi Mwanakheri, alikuwa anatolewa unyago siku hiyo, na kwa wenyeji mwali hutolewa chini ya mkole. Mkole wa zamani ulibaki kwenye makazi ya zamani, mwendo wa nusu siku. Bi Mwanakheri alikuwa amemwambia mdogo wake neno moja tu: "Mleteni kwangu."

Wanaume walipoona mwali amekaa chini ya mti, kanga mpya kichwani, wakageuka kama walioitwa na mtu nyuma yao.

"Mbona mmesimama?" Kornelio akauliza.

"Balozi, mkole uliotolewa mwali chini yake haukatwi. Labda uanze wewe."

Akaanza yeye. Alipiga hatua tatu, na kina mama wakamtungia wimbo papo hapo, wenye jina lake, mapengo yake na chungu chake cha mchanga. Alirudi kinyumenyume, mguu ukanasa kwenye ukoka, akakaa kitako. Hata wale sita walicheka.

"Watanivua ubalozi," alisema, bado amekaa. "Na wewe watakuhamisha."

"Basi tutahama wote," akasema Bi Mwanakheri, lakini machozi yalikuwa karibu.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka mchana. Viwanja vyote vilivyofagiwa vikashuka barabarani, na Landrova ya wageni ikazama mchangani mpaka ekseli. Wakati inasukumwa, wageni walitafutiwa mahali pa kukaa. Kwenye mteremko mzima palikuwa na ua mmoja tu usio na mchanga, wa Kornelio.

"Hapa mmefanyaje?" mkubwa wao akauliza.

Kamati ilitazama mawingu. Kornelio angeweza kujibu kwamba ni usafi wake. Alinyanyua kidole.

"Ni pori lile pale juu, la Bi Mwanakheri. Niliagizwa nilifyeke, nikashindwa."

Mgeni alipanda kwenda kuona. Alirudi na kunde mfukoni, akasema lisiguswe na wengine wakajifunze. Habari ya kuhama haikutajwa tena.

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilikatika asubuhi. Bi Mwanakheri alinyanyuka kwa mazoea, akashika karai, akachungulia nje. Mchanga wote ulikuwa mahali pake, kama Jumamosi ile. Alifurahi, tena sana, kisha akabaki ameshika karai hajui aende nalo wapi. Ndipo akasikia hodi.

Alikuwa Kornelio, anahema, na karai lake tupu mkononi.

"Mvua imekatika, hujaja."

"Nifuate nini, balozi? Bustani imetulia."

Kornelio alilitazama karai lake kama limemponza.

"Basi nimekuja mimi. Nataka ukoka wa kupanda uani. Kidogo tu."

Yule aliyeng'oa ukoka maisha yake yote! Bi Mwanakheri hakumcheka. Alichukua jembe, akachimba taratibu, akamjazia karai nusu tu, ili arudi.