Nilivyokuta eskaveta ya Siakago inakamuliwa oil kama ng'ombe, na mvua iko njiani

Wakuu, salamu kwenu wote, na nyinyi wa Meru, muga! Haya nimeyaona kwa macho yangu mawili. Njeru, opareta wa hiyo mashine, yuko humu ndani pia, nikiongeza chumvi atanisuta mbele yenu.

Kabla hujauliza: ndiyo, mimi ni mwanamke. Ndiyo, ni fundi wa hydraulic. Na si ati nilikosa kazi ingine, naipenda. Nyumbani ni Kiirua, kazini ni popote mashine imelala.

Sasa skizeni.

Nikapigiwa simu na contractor fulani. Eskaveta yake inachimba bwawa la kijiji huko chini Siakago, Mbeere, na inakunywa hydraulic oil vibaya sana. Asubuhi opareta anajaza, jioni tank iko chini.

Akaniambia nikimbie. Kazi ilikuwa imebaki upande mmoja wa tuta, na mawingu yameanza kukusanyika. Mvua ya kwanza ikipata tuta liko wazi, maji yote yanapita yakienda zake, na yanabeba udongo wote uliochimbwa. Wamama wa pale wanarudi kuteka mtoni, kutoka asubuhi mpaka jua liwe utosini, hadi msimu mwingine.

Kwa hivyo hii ni hadithi ya mashine na mvua, nani atafika kwanza.

Nikafika. Ngai wangu!

Hiyo eskaveta ilikuwa imening'inizwa mikebe. Mikebe ya rangi, ya mafuta ya kupika, hadi sufuria moja haina mkono. Chini ya kila hose, mkebe. Na wamama wamekaa kwa kivuli cha mashine, wakichambua ndengu, wakingoja ijae.

Kama hujaishi Mbeere hutaelewa. Huko mchwa ndio serikali. Nguzo unasimamisha leo, kesho kutwa unashika unga. Sasa ukipaka oil nguzo za ghala ama za boma ya mbuzi, mchwa wanahama wenyewe. Kwa hivyo mashine inayovuja, kwao, ilikuwa baraka imetumwa kutoka juu.

Na Njeru opareta, moyo wa dhahabu, majani ya muguka shavuni, anatafuna tangu asubuhi, amezaliwa hapo hapo. Kila mtu ni shangazi ama binamu. Angemnyima nani? Hose zilipoanza kutoa jasho, badala ya kuita fundi, akazifunga na raba ya tube, akaacha kamlango kadogo chini ili oil idondoke vizuri kwa mkebe.

Mama mmoja akanionyesha hose ya bucket kwa fahari. "Hii ni yetu. Ile ya juu ni ya kina Muthoni."

Wakuu, nilicheka mpaka nikakaa chini. Hose zina wenyewe!

Halafu nikaanza kukata zile raba, na kicheko kikaisha.

Mashine ilikuwa imezimwa, bucket iko chini, na nimechezesha levers kutoa pressure. Hiyo lazima kwanza, usinisumbue kwa comments. Chini ya raba, ganda la hose limefura malengelenge. Mahali pengine limelika kabisa, waya wa ndani uko nje, una kutu, nyuzi zimekatika. Na hiyo ilikuwa hose ya boom, ile inabeba mkono mzima wa mashine.

"Hakuna kuchimba," nikasema. Nikachomoa key nikaiweka mahali mwanaume mwenye adabu hawezi kutafuta.

Aki kelele iliyotokea!

Mwenyekiti wa kamati ya maji ni Cucu Marigu, mama mzee, mfupi, lakini akiongea hata mbuzi wanasimama. Akanishika mkono pole pole. "Mwanangu, angalia juu." Nikaangalia. Kweli, huko juu upande wa Runyenjes kulikuwa kweusi. "Funga hizo raba tumalize. Mpya utaweka baadaye."

Njeru naye: "Fundi, nimechimba hivi tangu tuanze na sijakufa."

Niliumia, nisiwadanganye. Kuhusu mvua walikuwa na haki kabisa.

Nikaomba katoni. Nikaletewa ya sabuni. Nikaifunga kwa mti mrefu, nikarudisha watu nyuma sana, nikampa Njeru key nikamwambia awashe, bucket ibaki chini, asukume lever kidogo tu. Nikapitisha katoni kando ya hose.

Tsssss! Katoni ikatoboka, upande huu hadi ule. Na oil yenyewe huioni, ni kaukungu tu.

"Zima!" nikapiga kelele. Nikawaonyesha lile tundu. "Huu ungekuwa mkono wa mtu. Oil inaingia ndani ya nyama na kidonda hukioni, unafikiri umedungwa na mwiba. Baadaye ni kukatwa mkono."

Njeru akashuka, akaangalia kiganja chake muda mrefu. Kumbe kila asubuhi alikuwa anapapasa hose kwa mkono ajue ni gani imelowa, aitengee mkebe. Akatema muguka yote.

"Enda fundi," Cucu Marigu akasema. "Enda mbio!"

Akasimamisha boda boda yeye mwenyewe. Nikaingia Embu town kutafuta mpya, nimevaa hose kuukuu shingoni, oil inatiririka mgongoni, boda anaomboleza jacket yake njia nzima.

Muuza hose akajaribu kunipa za pressure ndogo, ati zinafanana. Nikamwambia hata mimi nafanana na dada yangu, na bwanake hajawahi kutuchanganya. Akanikatia za kweli, akabana fittings kwa mashine, nikarudi.

Ngurumo zimeanza. Nikafungua vitambaa nilivyokuwa nimezibia midomo ya paipu vumbi lisiingie, nikafunga hose mpya, ule mstari ulioandikwa juu yake ukiwa umenyooka, maanake hose ikijisokota ni kifo chake. Njeru anakaza nati kama ana kesi nazo. Tukajaza oil, tukawasha, nikapitisha katoni mpya.

Kavu! Watu wakapigia makofi katoni kavu, nawaambia!

Somo naliweka hapa hapa, kwa sababu nikifika kwenye mvua sitaongea la maana tena. Ukiona hose imelowa, imefura, ama waya unachungulia, badilisha. Kuifunga ni kuficha ugonjwa. Na usiwahi, usiwahi, kutafuta leak kwa mkono. Opareta, ukiwa na huruma na watu wako, huruma ya kwanza ni kuwaweka mbali na mashine.

Haya, mvua.

Njeru alichimba siku hiyo sijawahi ona. Boom inapanda laini kabisa, bucket inamwaga, inapigapiga tuta. Tone la kwanza liliniangukia puani akiwa bado anashindilia. Hakuna aliyeenda nyumbani. Tulisimama wote tukilowa, tukicheka kama wendawazimu, watu wanaimbia eskaveta!

Halafu maji yakaja kwa mtaro, mekundu, na majani na mavi ya mbuzi. Yakagonga tuta. Yakasukuma. Tuta likakataa. Yakarudi nyuma, yakaanza kupanda.

Cucu Marigu akaingia na viatu vyake, mpaka magotini. Nikashuka kumshika asianguke. Akanitazama uso umejaa maji, sijui ya mvua ama yake.

"Tangu niolewe hapa," akasema, "ni mimi nayafuata. Leo yamenifuata."

Nililia, wakuu, na sijali. Haya, wewe unayesoma: umewahi kuona watu wakishangilia maji machafu? Niambie ilikuwa wapi, leo nataka kusoma za wengine.