Salamu ya Oyjamol kwa Mama Mkwe

Hosiyat alikaa miaka ishirini na tisa kwenye ofisi ya simu hapa Kokand, akiwaunganisha watu na Tashkent, Moscow, hata na kambi za jeshi. Anajisifu kwamba hajawahi kumkatia mama anayezungumza na mwanawe. Namwamini. Alistaafu na miguu mibovu na simu ya vibonye ambayo mpaka leo hataki ibadilishwe.

Mwaka huu mwanawe wa pekee, Doniyor, anayefanya kazi kiwandani Seoul, akaposa msichana wa kwetu, Oyjamol, anayesoma hukohuko. Wazazi wakanyimwa viza. Basi vijana wakapanga: Jumapili saa tano asubuhi kwa saa zetu, bibi arusi atasimama ukumbini huko Seoul na shela lake, amwinamie mama mkwe mara tatu kupitia televisheni, naye mama mkwe amwitikie kwa dua. Kwetu salamu hiyo ndiyo inayomwingiza mke nyumbani. Ukumbi ulikuwa na arusi nyingine nyuma yao, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuchelewa.

Mume wa Hosiyat, mzee Tursunali, akanunua televisheni pana kama mlango pamoja na spika zake, akaziweka sebule ya wageni, ng'ambo ya ua. Tabu ikawa intaneti. Kisanduku chake kilikuwa jikoni, na kuta zetu za udongo ni nene, hazipitishi kitu. Fundi Ikrom akavuta waya mpya chini ya mzabibu mpaka sebuleni, akaweka kisanduku cha pili chenye taa nne za kijani kwenye shubaka. Jumamosi wakajaribu. Doniyor akatokea mkubwa kuliko alivyo, chunusi zote zikaonekana, na Hosiyat akalia huku akigusa kioo.

Mimi ni jirani wao wa ukuta mmoja. Jumapili asubuhi nilikwenda kusaidia kutandika, na hapa sina wa kumlaumu ila mdomo wangu.

"Dada Hosiyat," nikamwambia, "hii sebule au kibanda cha fundi simu? Bi Saodat akiona waya unaning'inia juu ya hariri zako, utapona?"

Bi Saodat ni dada mkubwa wa Tursunali. Anaweza kuona vumbi kabla halijatua.

"Karomat, usinitie presha. Ikrom kasema kisiguswe."

"Haya. Ikrom ndiye atakayesemwa mji mzima?"

Nilikuwa natania, lakini si sana. Hosiyat akafungua sanduku lake la arusi, lile kubwa lililopigwa bati pande zote, akakiingiza kisanduku humo, waya ukapita kwenye tundu la nyuma. Tukafunga kifuniko, tukapanga juu yake magodoro ya wageni kumi na manne, mpaka karibu na dari. Taa zilikuwa bado zinawaka tulipofunga. Sebule ikapendeza, nami nikamsifu.

Saa tano kasoro dakika tano wageni walikuwa wamekaa, pilau inanukia uani. Bi Saodat, kama ilivyo heshima yake, alikaa mbele kabisa, mgongo ameuegemeza kwenye sanduku. Tursunali akawasha televisheni. Kioo kikasema hakuna mtandao.

"Ikrom! Umenifungia nini wewe?" akafoka kwenye simu yake. "Nimezima. Nimewasha. Nimezima tena, bwana! Taa gani? Mama Doniyor, kile kisanduku kiko wapi?"

Nikamtazama Hosiyat, naye akanitazama. Alikuwa ameshaelewa. Mwanamke wa nyaya miaka yote ile, na bati lote lile lililoziba mawimbi! Lakini kukitoa ni kumwinua Bi Saodat mahali pake pa heshima, mbele ya watu, na kukiri alichokificha. Nami, niliyemponza, nikainamia birika nikamimina chai. Namchukia yule mwanamke aliyekuwa akimimina chai.

Saa ya ukutani ikapita saa tano kwa dakika saba.

"Dada mkubwa," Hosiyat akasema hatimaye, "niwie radhi. Inuka."

"Niinuke niende wapi?"

"Inuka tu!"

Akayaangusha magodoro kwa mikono yote miwili, akanyanyua kifuniko. Mara picha ikaja, safi ajabu. Tuliona ukumbi, maua yanabadilishwa, wageni wa watu wengine wanaingia. Doniyor akasogea karibu, macho mekundu.

"Nilikuwa nakupigia, baba, simu yako inatumika tu. Mama, ameinama mara tatu. Kasimama anangoja, watu wakaanza kunong'ona. Kaenda kubadilisha nguo."

Hosiyat aliomba radhi kwa simu siku hiyohiyo, akatoa na dua. Oyjamol alipokea kwa adabu. Mpaka leo humwita "mama yake Doniyor", hajamwita mama.

Sasa kisanduku kiko wazi kwenye shubaka, waya unaning'inia, na intaneti yao ndiyo bora mtaani. Doniyor alituma picha za salamu ile zilizorekodiwa ukumbini. Kila asubuhi akishafagia ua, Hosiyat huziwasha, anasimama mbele ya kioo. Oyjamol anainama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Uishi sana, mwanangu. Karibu kwako," Hosiyat humwitikia, kwa sauti ninayoisikia mpaka upande wangu wa ukuta.

Oyjamol anaendelea kungoja.