Maji ya Rangi ya Chungwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa kumtafuta mtu asiyetaka kupatikana. Sista Msimamizi wa kliniki yetu ndogo ya Kibera alinipa kikaratasi chenye majina mawili ya mgonjwa wa kifua kikuu na maneno "nyuma ya choo cha kulipia". Vyoo vya kulipia Kibera ni vingi kuliko makanisa. "Ukirudi bila yeye, Mwikali, usirudi," akasema, kisha akaendelea kupanga mikebe yake ya makohozi. Kabla ya saa sita nilikuwa nimerudi na mgonjwa, nimemshika mkono, amenuna.

Sista akanitazama juu ya miwani. "Umempataje?"

"Jina lake la pili ni la Kimaragoli. Nikauliza Wamaragoli wanakaa wapi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kufuata watoro, na mtaniwia radhi nikijisifu kidogo, maana nimestaafu na hakuna anayelipwa kunisifu. Mtoro, kwetu, ni mgonjwa aliyeacha dawa kabla ya kumaliza. Ukiacha katikati, vijidudu vinarudi vimeizoea ile dawa, na mara ya pili vidonge havifui dafu. Kwa hiyo nilienda nyumba kwa nyumba, nikamwona mgonjwa akimeza kwa macho yangu mwenyewe, ndipo nikatia alama kwenye kadi. Miaka michache walinihamishia Riruta chini ya Afisa wa Afya aliyependa ripoti kuliko wagonjwa, halafu wakanirudisha Kibera watoro walipozidi. Nyumba yangu ya kupanga ilikuwa Kawangware, karibu na stage ya matatu iitwayo 56, na kila asubuhi nilipiga mguu hadi Kibera, mvua ikinyesha viatu viko mkononi.

Sasa niwaambie siri yangu ya kazi. Nilikuwa na daftari. Mimi ni Mkamba wa Kitui, lakini Nairobi nimepanga ploti moja na kila kabila, na niliamini nawajua wote vizuri. Jina la mtu, namna anavyosalimia, mboga inayochemka mlangoni, basi, nishajua kwao ni wapi na atanisumbua vipi. Naandika: huyu mbishi, watu wa kwao ni wabishi. Huyu atauliza bei. Huyu mpe uji kwanza. Wanafunzi wa uuguzi walikuja kuniuliza, nami nikawafundisha, kifua mbele. Sista Msimamizi peke yake hakulipenda hilo daftari.

"Linakufupishia njia," aliniambia. "Siku moja litakupoteza."

Nikamcheka kimoyomoyo. Yeye alikuwa wa ofisini, vichochoro nilivijua mimi.

Kisha ukaja ule uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007. Kati ya wagonjwa wangu alikuwa Karanja, Mkikuyu, fundi wa redio wa Mashimoni, humo humo Kibera, mtu mwembamba mwenye maneno machache. Alikuwa katika miezi miwili ya kwanza, ile ya dawa kali zaidi, ambayo hairuhusiwi kukosa hata siku. Kwa sababu ya Krismasi na kura, Sista alimpa vidonge vya wiki mbili badala ya moja. Matokeo yakatangazwa, kukachafuka, kabila kwa kabila. Nyumba zikachomwa, majirani waliokopeshana chumvi wakaanza kuulizana majina ya baba zao. Kliniki ilifungwa siku kadhaa. Tulipofungua nusu mlango, Sista akaniwekea pakiti mkononi.

"Ya Karanja. Zake zinaisha kesho kutwa. Asipopata hizi, Mwikali, tutamzika sisi wenyewe."

Nikaenda Mashimoni. Mlango wa Karanja ulikuwa umevunjwa, redio zote zimebebwa, hata nyaya. Mlango unaofuata alikaa Mama Atieno, Mjaluo mnene mwenye sauti ya tarumbeta, aliyekaanga mandazi pale kizingitini. Katika daftari nilikuwa nimemwandika: *Mkali. Hawapendi Wakikuyu.* Nilishamsikia mara nyingi akimfokea Karanja juu ya kelele za redio zake, na kabila la Karanja halikusalimika.

Sikuketi. Nikamuuliza nimesimama: "Karanja yuko wapi?"

"Alienda. Wote walienda kwao. Waende tu."

"Nilijua," nikasema. "Hawa watu wakiona hatari hawakumbuki dawa wala nani." Nikageuka, nikaenda zangu.

Nikamtafuta mahali daftari lilinielekeza, yaani kwa watu wake. Nilizunguka Kawangware na Riruta, uwanja wa kanisa walikokimbilia watu na magodoro, nikiita jina lake mpaka sauti ikakauka. Siku mbili nzima. Usingizi ulinipaa, ninahesabu tu vidonge vilivyobaki kwake. Siku ya tatu asubuhi nikarudi Mashimoni kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Nilipofika, Mama Atieno alikuwa akitoka na beseni. Akamwaga maji kwenye mtaro. Yalikuwa rangi ya chungwa.

Ninyi mlio kazini mnajua. Ile dawa kali ya miezi ya kwanza hugeuza mkojo rangi ya chungwa, na kila mgonjwa mpya huambiwa asishtuke. Nikautazama mtaro. Mama Atieno akanitazama nikiutazama. Akalificha beseni nyuma yake.

Vijana watano wakatokea kwenye kona, rungu na panga mkononi. Mmoja nilimjua kwa sura.

"Mathe wa dawa, niaje? Si wewe unajua kila mtu hapa? Tunaskia kwa hii keja kuna mtu amefichwa. Ni mtu wa wapi?"

Aiya! Kile nilichojivunia miaka yote ndicho walichokuja kukichukua. Lakini mdomo wangu, Mungu aubariki, haujawahi kunitupa.

"Humu ndani kuna kifua kikuu," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye kioski cha maji. "Nimekuja kuchukua makohozi. Nani ataingia anishikie mkebe?"

Mmoja akavuta fulana akaziba pua. Mwingine alikuwa ameshageuka. Wakaenda zao.

Nikaingia. Karanja alikuwa nyuma ya pazia la kitanda, amekumbatia magoti, pakiti tupu miguuni. "Nimemeza ya mwisho leo asubuhi," akanong'ona. Nikampa mpya. Halafu nikaketi, na hasira ikanipanda, kwa sababu hofu ikitoka kitu kingine huingia.

"Mama Atieno, mbona ulinificha?"

"Wewe ni Mkamba. Siku hizi nani anajua Wakamba wako upande gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakumbuka daftari lililo mkobani mwangu. "Lakini ulikuwa unagombana naye kila siku!"

"Yawa! Si ni jirani yangu? Ulitaka nigombane na nani, mtu wa Mombasa?" Kisha akashika kichwa. "Na sasa mandazi zangu nani atakula? Umetangaza ugonjwa mlangoni kwangu!"

Alikuwa na haki ya kulia. Karanja alikuwa ameshameza dawa zaidi ya mwezi, hakuwa wa kumwambukiza mtu, na mimi mwenyewe kwa miaka nilikuwa nikiwasihi watu wasimwogope mgonjwa anayemeza dawa. Siku ile nikauza woga uleule kwa bei rahisi. Ulituokoa, na kufikia jioni karai la mandazi lilikuwa limejaa vilevile, inzi ndio wateja.

Kesho yake nilivaa sare yangu, ile ya bluu iliyopigwa pasi. Nikamwona Karanja akimeza nyuma ya pazia, nikatoka nje, nikaketi kwenye kigoda mlangoni, watu wote waone, nikala mandazi manne. "Ongeza!" nikapiga kelele. "Haya matamu kuliko ya Krismasi!" Kesho yake tena. Wiki nzima watu walipita wakitazama pembeni. Wiki ya pili yule mama wa kioski cha maji akaja, akanunua mawili, akaniambia, "Kama wewe wa hospitali hujafa, hata mimi sitakufa." Wengine wakafuata. Sare ilinibana kiunoni, lakini karai lilikuwa likiisha kabla ya saa nne.

Kulipotulia, Karanja akahamia Kawangware 56, akaweka meza yake ya redio kando ya duka la hardware. Nilipita kwake kila asubuhi nikielekea kazini hadi mwezi wa mwisho. Hakukosa hata kidonge kimoja. Sista Msimamizi aliandika "Amepona" kwenye kadi yake kwa wino mwekundu, akanionyesha, akasema, "Hii ni kazi yako." Nimepewa vyeti baadaye na wakubwa wa mabega mapana. Sijui viko wapi. Maneno yale ninayo.

Daftari nililiacha kliniki lilivyo, bila kufuta. Vijana wanaoanza kazi hulisoma wakacheka, nami nikipita huko nawaambia wasome ukurasa wa Mama Atieno. Kujua watu wa kabila fulani husemwaje si kumjua mtu. Jibu likifanana sana na ulivyodhani, uliza tena, na uulize umeketi.

Siku waliyoniaga, Mama Atieno alileta karai zima. Nikamchokoza mbele ya wote: "Huyu mama alinidanganya mchana kweupe!"

"Na wewe ulikubali haraka," akajibu. "Mtu wa kuuliza-uliza hivyo, siku ile hukuuliza mara ya pili."

Ukumbi mzima ukacheka, mimi zaidi yao. Karanja, aliyekaa kando yangu, hakucheka. Akaniinamia.

"Nilikuwa nyuma ya pazia siku ile ya kwanza, Mama. Nilisikia sauti yako nikashukuru Mungu. Nilikuwa nimeshasimama nikuite. Halafu nikakusikia ukisema 'hawa watu'. Nikaketi tena."

Nikaliweka andazi chini. Miaka yote hiyo, asubuhi zote zile mezani kwake, hakuwahi kulitaja.

"Kwa nini hukuniambia, Karanja?"

Akafikiri kidogo, kama anavyofikiri akiifungua redio. "Kila nikitaka kukuambia," akasema, "nakuona huyo unakuja tena na dawa yangu."