Nilimwita Mwongo Mtoto Aliyenisadiki

Makosa ni yangu, simsingizii shetani wala mtu. Nawaambieni ninyi kwa kuwa mume wangu sijathubutu kumwambia.

Nafundisha wasichana wa darasa la kwanza hapa mjini. Sherehe ya Sultani ilipokaribia, niliwaagiza kila mmoja aje na kibendera chekundu. Wakaniuliza bendera yetu ilitoka wapi, na mbona nyekundu tupu.

Ningewaambia nilijualo: ilikuja na Masultani kutoka Omani, na sababu ya wekundu wake siijui. Basi! Lakini nilitaka wanikodolee macho. Nikasema zamani ilikuwa nyeupe, mashujaa wakaichovya katika damu yao. Uongo mtupu, niliutunga papo hapo!

Siku ya pili akaja Mize, binti wa mchukuzi mmoja wa mtaa wa Mlandege, na kitambaa kwenye kijiti. Kimekauka, kimekuwa cheusi, kinanuka hadi mlangoni, nzi wanakifuata. Alikwenda kwa wauza nyama wa soko la Darajani akaomba damu, akachovya kipande cha kanzu kuukuu ya babake.

Nilitapika, wallahi! Kisha nikamchapa mbele ya wenzake.

"Damu ni najisi! Chuoni mnakosoma Kurani hamfunzwi?"

"Nshafunzwa, Mwalimu," akajibu huku analia. "Lakini wewe umetwambia bendera ni damu. Nkajua ya bendera haina najisi."

Darasa zima likanitazama. Aibu ikanipanda, nikasema, "Mwongo huyu! Nani kanisikia nkisema hayo?" Hakuna aliyenyanyua mkono. Walikuwa wananiogopa.

Kesho yake babake akaja. Mzee huyu tangu mwanzo hakutaka msichana asome, mamake ndiye aliyembembeleza.

"Mwalimu, nilimleta mtoto apate adabu," akasema. "Sasa kawa mwongo, tena anachezea najisi. Basi, atakaa ndani."

Neno langu moja lingemrudisha Mize darasani. Badala yake nikamsindikiza yule mzee mpaka mlangoni na kumshukuru kwa kuja.

Juzi nilipita kwao. Mize alikuwa barazani anachambua mchele. Akasimama haraka.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe, nlikusingizia."

Mtoto wa watu ameshaamini kuwa mwongo ni yeye! Nami, tfu, nikamjibu, "Marahaba. Nshakusamehe." Nikaenda zangu sokoni. Najichukia mpaka chakula hakinipiti.

Enyi mnaofunza watoto, mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui. "Sijui, mwanangu." Hayo tu yangetosha, na leo Mize angekuwa anasoma.