Mraba Mmoja wa Bahari

Mwaka wa sabini na tano nilikuwa nikizungusha chumvi ya Uvinza, na kila nikifika Kasulu nililala kwa Saidi, Bwana Samaki. Mtu wa Mafia huyo, serikali ilimleta huku milimani kuangalia mabwawa ya perege. Hakuwa na mke wala mtu wa kwao. Ukutani alibandika karatasi kwa uji wa muhogo: bahari ya kwao, imekatwa miraba.

Alinieleza, maana hakuwa na mwingine wa kumweleza. Katika kila mraba aliandika kina, joto la maji, chumvi, na kama chini kuna majani au tope la Rufiji. Aliyapima mwenyewe alipokuwa kule. Kisha akayajumlisha, panapomfaa ngisi akapapaka mkaa. Mraba mmoja ulikuwa mweusi kupita yote, na hakuna mvuvi aliyewahi kutupa ndoano pale. Alihamishwa kabla ya kuujaribu.

"Nikikosea huo," aliniambia, "basi yote haya ni masizi ya ukutani tu."

Nduguye Kudra, aliyebaki Mafia, aliahidi kwenda. Hakujua kuandika, wakakubaliana: akimpata ngisi pale, amkaushe amtume. Asipompata, asitume kitu.

Saidi akawa anaulizia kila basi la Kigoma. Mvua zilipokwisha alichukua kitambaa, akaufuta ule mraba. Jioni akawa anakaa kutazama vilima, utadhani anangoja vipige wimbi.

Safari nyingine nikamkuta hayupo, kaenda Kibondo kwenye mabwawa. Jirani yake Odilia, aliyekuwa akipalilia migomba, akaniuliza taratibu watu wa pwani wana uchawi gani. Kumbe utingo wa basi alimwachia kifurushi cha Saidi wakati wa mvua. Kilinuka, akakifungua. Ndani mlikuwa na kitu kikavu, miguu kumi, mfupa hakuna. Akamhurumia mtu mwema kutumiwa balaa, akakifukia. Hakumwambia, asimtie hofu. Nikamweleza kuwa hilo ndilo jibu alilokuwa akilingoja Saidi.

Saidi aliporudi, Odilia alipiga magoti, akapiga makofi polepole kama wanavyoomba radhi Waha. "Nisamehe, Baba. Nilidhani nakukinga."

Saidi aliuliza tu wapi. Tukachimba kwenye shina la mgomba, tukapata mdomo wa ngisi tu, mdogo, mgumu, kama wa kasuku. Akauosha, akaingia ndani, akaupaka mkaa ule mraba upya.

"Yupo," alisema. "Ngisi yupo pale."

Mimi na Odilia tukaitikia kwa vichwa. Kati yetu wawili hakuna aliyewahi kuiona bahari. Akatutazama kidogo, kisha akaugeukia ukuta.